Kila Mama Mkwe Akiingia, Fyuzi Inakatika

Kuku alichinjwa juu ya meza yangu ya chakula, saa tisa mchana, mlango ukiwa wazi.

Sio uani. Sio jikoni. Mezani, juu ya kitambaa nilichodarizi kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu mzee mmoja mganga akachovya vidole kwenye damu, akaichanganya na mafuta ya yule yule kuku, akaenda kupaka kwenye boksi la fyuzi.

Eti tunaukinga umeme wetu na mchawi.

Na mchawi mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu.

Juzi kuna kijana mmoja humu kaposti picha ya fyuzi ya kwao, kaweka msumari mahali pa waya wake, watu wanacheka kwenye komenti. Mimi sikucheka. Niliweka simu chini, nikatoka nje kutema mate. Ndiyo maana leo naandika.

Naitwa Domitila, fundi cherehani, mzaliwa wa Maswa. Niliolewa Bariadi mwishoni mwa miaka ya tisini.

Ile miaka wanaoijua wanaijua. Soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa kila kona, kila mmoja na mizani yake. Vitu ulivyokuwa unavisikia Mwanza tu, sasa vimepangwa barazani Bariadi pale pale.

Mume wangu Shija alikuwa wakala wa tajiri mmoja wa pamba, anamkusanyia kule Dutwa. Mtoto wa mjini haswa. Shati limenyooka, kalamu mfukoni.

Umeme ulipofika mtaani kwetu, Shija akawa wa kwanza kuuvuta. Akanunua jiko la umeme la sahani mbili, pasi, redio kaseti, na hita, kile chuma kilichojisokota unachokitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Majirani walikuwa wanakuja kuangalia maji yakichemka bila moto. Nami nilijisikia, nisiwafiche.

Fundi aliyetufungia umeme aliitwa Athumani. Mtu mpole, haongei sana. Alimaliza kazi siku ambayo mimi nilikuwa Maswa kwa wazazi, kwa hiyo maelezo yote alimpa Shija. Kumbukeni hilo.

Boksi la fyuzi lilikaa juu ukutani, karibu na dari. Shija alikuwa anapanda stuli kulifungua. Mimi sikuwahi kuchungulia ndani. Mambo ya umeme, nilijiambia, ni ya wanaume. Ujinga wangu huo.

Mama mkwe aliitwa Milembe. Alikuwa anaishi Mwamapalala, mjane, na ng'ombe kumi na wawili alioachiwa na marehemu mumewe.

Shija aliwataka wale ng'ombe. Alitaka kuwauza anunue pikapu, aache kuwa wakala, awe bosi.

Mama alimjibu mbele yangu, kwa upole kabisa. "Hao ni wa wajukuu. Wewe una mikono."

Shija alicheka siku hiyo. Lakini usiku hakula.

Sasa, yule mama alikuwa na macho mekundu. Miaka hamsini ya kupikia kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yatakosaje kuwa mekundu? Lakini wenyeji wa kwetu mnajua bibi mwenye macho mekundu huwa anaitwa nani. Na mnajua neno hilo likishashika kijijini, huyo bibi huwa anakutwa na nini asubuhi.

Sina haja ya kuelezea mapanga hapa.

Akaanza kuja kutibiwa macho mjini. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Akitoka kliniki anakuja kwetu, analala, kesho yake anarudi.

Alhamisi ya kwanza nilimpokea kwa magoti, kama inavyotakiwa, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Ng'wadila mayu."

"Ng'wadila, ng'wanone. Hamjambo hapa?"

Nikachukua kimfuko chake. Nikamtumbukizia hita kwenye ndoo, maana sisi tulikuwa tunaoga maji ya baridi, lakini mama mtu mzima hapewi maji ya baridi. Jikoni nimebandika maharage na wali. Na pasi nayo inaendelea, nilikuwa nanyoosha sare za shule za watu.

Maji yakapata moto, nikampelekea bafuni, nikatumbukiza hita kwenye ndoo ya pili ya kuongezea.

Mama akaoga, akatoka, akakanyaga kizingiti cha sebuleni.

Tap.

Redio ikanyamaza. Jiko likazima. Pasi ikapoa mkononi mwangu.

Shija akapanda stuli, akafungua boksi, akaangalia, akafunga waya mpya wa fyuzi. Hakusema kitu.

Alhamisi ya pili, hivyo hivyo. Mama anaingia, tap.

Ya tatu, mama hata hajakaa.

Siku hiyo Shija alishuka kwenye stuli taratibu, akanivuta chumbani. "Umeona? Wiki mbili nzima umeme hauna neno. Akiingia tu, fyuzi inakufa."

"Labda ni bahati mbaya."

"Mara tatu, Domi?"

Nikakaa kimya. Na katika kile kimya changu ndipo uchafu ulipoingia.

Maana kuanzia hapo nilianza kumwangalia mama wa watu vingine. Akishika mtungi, nauosha. Akikohoa, nageuka. Nikamtengea kikombe chake peke yake, nikakifunga kiuzi chekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vyetu.

Mwanamke aliyeniita ng'wanone, yaani mwanangu, tangu siku ya kwanza. Nikikumbuka najisikia kinyaa mpaka kwenye meno.

Tap ikaendelea hivyo miezi miwili mingine, ndipo Shija akaleta mganga. Nyanda, mfumu wa Ipililo.

Huyo mzee alinuka. Nasema kama ilivyokuwa. Alinuka beberu na ugoro, kucha zimejaa vitu vyeusi, na akaanza kwa kuomba soda.

Kuku nimeshawaambia. Alimpasua pale pale mezani, akamfungua mbavu, akawa anapekua matumbo kwa kidole kimoja huku anakunywa soda kwa mkono wa pili. Kinyesi cha kuku kikamwagika kwenye kitambaa changu. Nzi wakafika kabla hajamaliza kusoma.

"Adui ni wa damu yenu," akasema. "Ni mwanamke. Macho yake yanawaka."

Shija akatikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo geni.

Kisha mzee akapanda stuli akaanza kupaka boksi. Nje, pembeni, halafu ndani.

"Hapa pia, mzee," Shija akamwambia. "Ndani ya mlango. Paka sana hapa."

Mimi nilikuwa naziba pua kwa khanga, sikutilia maanani.

Mwisho mganga akatoa bangili ya waya wa shaba, zile nene wanazovaa wazee, imezamishwa kwenye dawa. Akakata kipande. Akamwambia Shija akifunge mahali pa ule waya mwembamba wa fyuzi.

"Waya wenu ni dhaifu, unakufa akiutazama. Huu haufi. Akija safari ijayo na umeme ukabaki, jueni dawa imemshinda, ndiye."

"Na ukikatika?" nikauliza.

"Basi nguvu zake ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ndiye."

Yaani ukibaki ni yeye, na ukikatika ni yeye. Nilisikia kwa masikio yangu na bado sikufungua mdomo.

"Nguvu yake iko zizini," mzee akamalizia. "Wale ng'ombe kumi na wawili wakitoka mkononi mwake kwenda kwa mwanawe, atakuwa bibi wa kawaida."

Nikajiuliza idadi kaijuaje. Nikajijibu, si ndio mganga.

Kwa wiki mbili nyumba ilinuka. Damu ilikaukia kwenye boksi ikawa nyeusi, mafuta yakaoza na joto la Bariadi, nzi wakahamia pale juu. Shija akakataza nisifute, eti dawa itatoka. Nikawa nakula huku nimeipa ile kona mgongo.

Alhamisi ikafika.

Mama akaja saa kumi jioni, pamba imebandikwa kwenye jicho moja. Nikapiga magoti kwa mazoea tu. Nikatumbukiza hita. Jikoni sahani zote mbili zinafanya kazi. Pasi naiburuza juu ya sare.

Shija aliwahi kurudi kutoka kazini siku hiyo. Alikaa kwenye kochi anaangalia mlango.

Mama akaoga, akakanyaga kizingiti.

Umeme haukukatika.

Akakaa. Redio inaimba. Dakika tano, kumi, ishirini. Shija akatabasamu, na lile tabasamu sijawahi kulisahau.

"Mama, leo umeshindwa."

"Nimeshindwa nini, mwanangu?"

Akamwambia yote. Mganga, kuku, macho. Akamwambia kwa sauti ya chini, ya kistaarabu, kama anaongea na mkulima kwenye mizani. Kwamba akimkabidhi ng'ombe, jambo litaishia humu ndani. Asipokubali, yeye Shija hawezi kuwazuia watu wa Mwamapalala wasisikie.

Mama akamwangalia mwanawe kwa jicho lile moja. Muda mrefu. Mikono yake akaificha ndani ya khanga.

Kisha akageuza kichwa, akanusa.

"Kuna kitu kinaungua."

"Usibadilishe mazungumzo, mama."

"Shija, kinaungua. Kiko ndani ya ukuta."

Nikanusa na mimi. Plastiki. Halafu juu yake harufu nyingine, mafuta mabovu ya kuku yanakaangwa na damu yake. Nikainua macho, nikaona yale mafuta yanayeyuka na kutiririka kutoka kwenye boksi, meusi, yanatoa moshi.

Rangi ya ukuta ikaanza kuvimba kufuata njia ya waya, kutoka juu mpaka kwenye soketi. Soketi ikatapika cheche. Rundo la sare likashika moto.

Shija akakimbilia ndoo ya maji ya kuoga. Mama akamdaka shati.

"Sio maji. Mimi sijui umeme, lakini hata radi haizimwi kwa maji."

Nilichukua mwiko wa ugali, nikapanda stuli, nikausukuma mkono wa meinswichi, ile swichi kuu iliyo kando ya boksi, mpaka ukashuka. Tone la yale mafuta lilinidondokea shavuni na kuteleza hadi mdomoni. Nilitapika nikiwa bado juu ya stuli.

Mama alikuwa ameshatoka nje. Alirudi na karai la mchanga, akamwaga kwenye moto. Akaenda tena. Akaenda tena. Bibi wa jicho moja.

Sare arobaini za watu ziliungua. Nyumba ilibaki.

Asubuhi nikamwita Athumani. Sikumwuliza Shija.

Athumani akapanda, akafungua boksi, akarudi nyuma. "Hiki nini, jamani? Mnachinjia humu?"

Akachomoa ile shaba kwa plaizi, akatushikia juu. Ilikuwa imegeuka bluu, lakini nzima.

"Nani kafunga hii?"

Akatueleza taratibu. Kwamba waya wa fyuzi unafanywa mwembamba makusudi. Ukiwasha vitu vingi kwa mpigo, umeme mwingi unapita, nyaya zinapata moto, na huyu mwembamba ndiye anayeyeyuka kwanza. Akikatika, umeme unasimama, nyaya za ukutani zinapona na nyumba inapona. Ndiyo kazi yake. Ukimweka mnene asiyekatika, kitakachokatika ni kitu kingine.

"Jana mlikuwa mmewasha nini?"

Nikahesabu. "Jiko. Pasi. Na hita."

"Hita kila siku?"

"Hapana. Mama akija tu. Maji yake ya kuoga."

Niliposema hivyo ndipo nikajisikia mwenyewe. Mkono uliokuwa unakata fyuzi kila Alhamisi ulikuwa huu wangu.

Athumani alimgeukia mume wangu. "Lakini Shija, si nilikwambia hili? Nikakuandikia kabisa, usisahau."

Akachukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akafuta upande wa ndani wa mlango wa boksi. Damu ikatoka kwa magamba. Chini yake, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa:

JIKO, PASI, HITA. USIWASHE VYOTE PAMOJA.

Kila fyuzi ilipokatika Shija alipanda stuli ile. Kila mara maandishi yalikuwa mbele ya pua yake.

Hapa pia, mzee. Paka sana hapa.

Mama hakujua kusoma. Akauliza, "Yanasemaje?"

Shija akaangalia chini. Nikamsomea mimi, kisha nikamweleza kwa Kisukuma, kila neno.

Mama akasema, "Kwa hiyo mlinihukumu kwa maji ya moto mliyonipa wenyewe."

Akamgeukia mwanawe. "Ng'ombe utawakuta zizini nikifa. Ila uniache nife siku yangu."

Shija alitoka nje na shati lake lililonyooka. Sikumfuata, siku ile wala baadaye.

Mama akaomba chai. Nikaenda kabatini, nikachukua kikombe changu mwenyewe, kile kizuri, nikamjazia.

Akakitazama, akakirudisha taratibu.

"Nipe kile cha uzi mwekundu, ng'wanone. Nimeshakizoea."

Alikuwa anajua. Miezi yote ile alikuwa anajua, na alikuwa anakinywea, na alikuwa ananiita mwanawe.

Nilibeba cherehani yangu nikaenda naye Mwamapalala. Niliishi naye miaka tisa. Alikufa kitandani kwake, kwa uzee, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, ng'ombe wakilia zizini.

Kwa hiyo wewe kijana wa msumari, na nyie mnaocheka naye, nisikilizeni. Kitu kikikatika nyumbani kwako, usikimbilie kuuliza nani kakikata. Panda stuli mwenyewe, fungua, usome kilichoandikwa.

Na ukikuta kuna mtu kapaka damu juu ya maandishi, usitafute mchawi mbali.