Mkandarasi wa Maji ya Chumvi

Kabla sijawa mkandarasi wa serikali nilikuwa fundi wa majokofu. Nilizaliwa mtaa wa Barani, Malindi, kwa wazazi waliotoka bara kutafuta riziki, na kazi niliisomea katika stoo na majiko ya hoteli za watalii, mwanamke peke yangu kati ya wanaume walionipa tochi niwamulikie. Niliishika tochi hiyo mpaka nikajua kila kitu kilichokuwa kikimulikwa. Hoteli zilipoanza kufunga milango, nikasajili kampuni yangu ndogo pamoja na mafundi wawili, mmoja wa umeme na mmoja wa mabomba, tukawa tunatengeneza mashine za barafu za wauza samaki.

Kusini ya Kilifi kulikuwa na kituo cha serikali cha utafiti wa viumbe vya baharini. Wataalamu wake waliajiriwa na serikali, lakini kukiendesha kituo chenyewe ilikuwa kazi ya mkandarasi anayepatikana kwa zabuni: pampu za kuvuta maji ya bahari, matangi, jenereta, vyumba vya baridi, usafi, hata kufyeka majani. Ni kazi isiyoonekana mpaka iharibike. Mle matangini mlikuwa na kamba wazazi, majongoo ya bahari, na vipande vya matumbawe vilivyokuwa vikikuzwa ili vikapandikizwe kwenye miamba iliyokufa, huko upande wa Kuruwitu. Maji yakikoma kupita, vyote hivyo hufa.

Niliomba zabuni ile nikatupwa nje kwa sababu kurasa sikuzitia nambari. Ilipotangazwa tena nikaomba, nikatupwa nje kwa sababu cheti kimoja kilikuwa kimepitwa na muda. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na mtu mpole, akaniambia, "Mama watoto, kazi hizi zina wenyewe."

"Basi nitakuwa mmoja wa hao wenyewe," nikamjibu.

Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa nami mezani, tukazipitia karatasi za zabuni ya tatu ukurasa kwa ukurasa. Hiyo nikashinda.

Siku ya kukabidhiwa kituo nilifika asubuhi na mafundi wangu tukakuta lango limefungwa kwa kufuli. Wafanyakazi wa mkandarasi aliyetangulia walikuwa wameketi chini mbele yake: wasafishaji wa matangi, walinzi, mwendesha jenereta, mtunza bustani. Wengi wao walitoka vijiji vya ndani, nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo mvua ikikosa ndiyo mwaka umekosa. Msemaji wao alikuwa mama mmoja wa makamo, Mgiriama, aliyekuwa amesafisha matangi yale tangu kituo kilipokuwa na paa la makuti.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

Alinitazama tu. Kwetu pwani, shikamoo isiyoitikiwa ni kofi.

"Sikuja kugombana," nikasema.

"Hakuna anayekuja kugombana," akasema. "Kila mkandarasi huja na tabasamu na basi lililojaa watu wake. Sisi hupewa asante na nauli. Safari hii hatuondoki. Kama ni polisi, waite."

Nikaangalia nyuma yangu. Palikuwa na pikapu yetu ya zamani, mafundi wangu wawili, na sanduku la vifaa.

"Mama, unaliona basi?"

Akanyoosha shingo akaangalia barabara. Wenzake nao wakaangalia.

"Sikuleta watu," nikamwambia. "Nina mafundi hawa wawili tu. Wanaoyajua matangi haya ni nyinyi. Anayetaka kubaki, abaki. Ila nitawafanyisha kazi, na atakayelala kwenye zamu ataondoka, awe wa kwenu au wa kwetu."

Mama yule aliwatazama wenzake. Kisha akasimama, akakung'uta leso yake mchanga, akasema, "Marahaba." Akatoa ufunguo kifuani na kutufungulia.

Ahadi ile ilinigharimu nyumbani. Kaka yangu mkubwa, aliyebaki bara na kunilipia karo nilipokuwa chuoni, alikuja Malindi kunipongeza. Baada ya chai akasema vijana wanne wa ukoo wetu walikuwa tayari, mabegi yao yamefungwa, wanangoja kuitwa tu.

"Nafasi hakuna, kaka," nikasema.

"Nafasi hutengenezwa. Wale uliowakuta si ndugu zako."

"Si ndugu zangu. Lakini niliwapa neno langu pale langoni."

"Na mimi nilikupa nini ulipokuwa huna kitu?"

Nilivikusanya vikombe. Nilimwambia namheshimu, nitamsaidia kwa njia nyingine, lakini mtu hafukuzwi kwa sababu mimi nina ukoo. Aliondoka kabla ya chakula. Muda mrefu alikuwa akipiga simu ya mume wangu badala ya yangu. Nililia siku ile aliyoondoka, kesho yake nikaenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa vita na chumvi. Bahari hula chuma kama mchwa anavyokula mti: juu unaona rangi, ndani ni unga. Kituo kilikuwa na pampu mbili za kuvutia maji. Moja nilikuta imekwisha, na ombi la kununua nyingine lilikuwa likipitia ofisi za Nairobi. Mkataba ulisema wazi kwamba kutengeneza ni kazi yangu, na kununua mashine mpya ni kazi ya serikali. Kwa hiyo tuliibembeleza ile iliyobaki, tukiisafisha na kuipaka mafuta, tukisikiliza mlio wake kama watu wanaomsikiliza mgonjwa akihema.

Asubuhi moja, wakati wa maji kupwa, ikakwama. Mhimili wake ulikuwa umekatika ndani. Fundi wangu wa mabomba aliifungua, akaketi kitako sakafuni. "Hii haitengenezeki," akasema.

Mkuu wa kituo, daktari wa viumbe vya bahari, mwanamke asiyependa maneno mengi, alishuka kutoka ofisini. Alitazama matangi, akatazama pampu, halafu akanitazama mimi.

"Nimewapigia Nairobi," akasema. "Wanasema ombi la dharura lina utaratibu wake. Kikao cha kamati ni wiki ijayo."

"Matangi yatafika wiki ijayo?"

"Matangi hayatafika keshokutwa."

Mafundi wangu walikuwa wakinisubiri niseme. Ningeweza kukaa kivulini, mkataba ukiwa mkononi, wala hakuna ambaye angenilaumu. Kamba wangekufa na makosa yasingekuwa yangu. Lakini nilikuwa nimepewa kituo nikitunze, na kutunza, kwa nilivyolelewa mimi, si kuangalia kitu kikifa huku una karatasi ya kukutetea.

"Mama," nikamwita yule msafishaji wa matangi, "matangi haya mnaweza kuyaweka hai mpaka kesho?"

Hakuuliza naenda wapi. Alifunga leso yake kiunoni, akaanza kuwapanga watu kutoka ufukweni hadi kwenye matangi: walinzi, mtunza bustani, hata wanafunzi wa utafiti waliokuwa wamezoea kushika kalamu. Ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono. Fundi wa umeme akabaki kuhakikisha mashine za kutia hewa majini hazizimi. Mimi na fundi wa mabomba tukashika barabara ya kaskazini.

Nilikuwa nikienda Marereni. Wafanyakazi wa viwanda vya chumvi huko huvuta maji ya bahari kuyaingiza kwenye mabwawa ya kukaushia, na nilijua pampu ya kuvuta maji ya chumvi siku zote haiwezi kuwa dhaifu. Tulifika alasiri. Mabwawa yalikuwa meupe mpaka macho yaliuma. Msimamizi wa mitambo wa kiwanda kimoja, mzee Mswahili wa maneno ya taratibu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, pampu zangu zote ziko kazini," akasema. "Nikikupa moja, watu wangu watakaa bure."

"Hata iliyoharibika, mzee?"

"Iliyoharibika utaifanyia nini?"

"Nionyeshe kwanza."

Akatupeleka nyuma ya karakana. Pampu ilikuwa imelazwa mchangani, mota imeungua. Fundi wangu akazungusha mhimili kwa mkono. Ukazunguka bila kukwaruza. Ilikuwa nzima kila mahali ila nyaya za ndani ya mota. Tukatazamana.

"Niazime hii," nikamwambia mzee. "Nikiifufua nitaitumia mpaka ya serikali ije, kisha nitakurudishia ikiwa hai."

Alicheka, akakuna ndevu. "Mimi nimeona watu wakiazima vizima wakarudisha vifu. Chukua, tuone kinyume chake."

Vijana wa karakana walitusaidia kuipakia. Malindi nilimfahamu fundi wa kusuka mota, tuliyefanya kazi naye enzi za hoteli. Alikuwa karibu kufunga duka. Alipoiona mota akaguna, akavua saa mkononi, akaanza kutoa nyaya zilizoungua. Mimi nilikaa karibu naye nikimkatia karatasi za kufunikia shaba, kama zamani. Asubuhi aliiwasha mezani ikanguruma, na sisi tukaondoka bila hata kunywa chai.

Kituoni niliwakuta wamechoka hata kuongea. Mikono ya yule mama ilikuwa imechubuka na vishikio vya ndoo. Tangi moja la majongoo ya bahari lilikuwa limekufa lote, na daktari alikuwa amesimama kando yake. Mengine yalikuwa yakipumua. Bomba la kituo halikulingana na mdomo wa pampu, ikabidi tukate na kuunganisha upya, watu wakishikilia pampu kwa mabega. Tulipoiwasha ilikohoa hewa, ikakohoa matope, kisha maji yakaja. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama yule alitia mkono kwenye maji yaliyokuwa yakiingia, akanawa uso, akaketi.

Nilidhani shukrani itakuja kutoka Nairobi. Ilikuja barua ya onyo. Nilikuwa nimefunga kwenye mali ya serikali mashine isiyoidhinishwa, na jambo kama hilo lingeweza kuvunja mkataba. Niliitwa kikaoni. Afisa wa ununuzi, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, aliniuliza, "Mama, ulijua kifungu kinasema nini?"

"Nilikijua."

"Na bado ukafanya?"

"Nilifanya. Na nyinyi mkiniambia niing'oe, nitaing'oa leo. Lakini nataka mtu mmoja katika chumba hiki aje asimame kando ya matangi wakati ninaing'oa."

Daktari, ambaye nilidhani amekuja kama shahidi tu, akasema, "Nitasimama mimi. Na nitaandika kilichotokea baadaye, tangi kwa tangi."

Hawakuniambia niing'oe. Onyo lilibaki katika faili langu, wala sikuliomba liondolewe. Lakini pampu mpya ilipofika, ilikuja pamoja na nyongeza ya mkataba: dharura ikitokea, mkuu wa kituo ana ruhusa ya kukubali mashine ya kuazima. Ile ya Marereni niliisafisha, nikaipaka rangi, nikairudisha mwenyewe. Mzee aliiwasha hapo hapo, akaisikiliza, akatuagizia sambusa.

Vipande vya matumbawe vilikua. Vilipopelekwa kupandikizwa, daktari alimchukua na yule mama mashuani, yeye ambaye miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuona vinakokwenda. Mama aliniambia maji yalikuwa mazuri, na kwamba aliogopa sana, na kwamba angerudi tena.

Mkataba wangu unakwisha mwaka huu, na zabuni imetangazwa upya. Kaka yangu, ambaye sasa hunipigia tena mimi mwenyewe, aliniuliza kama nitaomba tena baada ya masumbufu yote yale. Nilimwambia nimekwisha kuomba. Safari hii kuna sharti jipya, ambalo wafanyakazi walimpelekea daktari wenyewe na yeye akalisimamia mpaka likakubaliwa: mkandarasi yeyote atakayeshinda atawachukua watu waliopo. Niliposhindana zamani, kazi zao zilitegemea neno langu. Sasa nikishinda au nikishindwa, wao watabaki pale.

Nilipeleka karatasi zangu jana. Leo ni zamu ya kusafisha chujio la maji, na bahari imeanza kupwa, kwa hiyo naenda.