Kikohozi cha Mama

Wanaume wote wa kanisa letu walikuwa mmoja. Alikuwa fundi wa umeme kutoka Musaga, upande wa pili wa mji, mpole, mwenye mikono mikubwa, na bila yeye sisi wanawake watatu hatukuweza kupata sakramenti, maana kwetu ukuhani hupewa wanaume tu. Vita vilipoanza, wamisionari waliondoka, wakatuachia vitabu vya Kifaransa na huyo fundi, waliyempa ukuhani siku chache kabla ya kupanda ndege. Majirani walituita Wamormoni kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Tulikutana sebuleni kwa mwalimu mstaafu, mtaa wa Ngagara, kartie ya tano. Sote tulimwita Mama, hata mwenzetu wa tatu, muuza vitenge, aliyekaribiana naye kwa umri. Nadhani ilikuwa nyumba pekee ya mtaa ule ambayo mgeni hakupewa bia wala chai, vyote viwili mwiko kwetu. Ulipewa maziwa ya moto, na usipomaliza ulisemwa.

Kwetu sala ya mkate wa sakramenti husemwa neno kwa neno kama ilivyoandikwa. Neno moja likirukwa, anayeomba hurudi mwanzo. Na fundi wetu, maskini, Kifaransa kilimpiga chenga. Mama alifumba macho kama sisi, lakini sikio lake la mwalimu halikustaafu. Neno likikosewa, alikohoa. Fundi akarudi mwanzo, jasho likimtoka. Jumapili moja alikohoa mara nne, na muuza vitenge akang'ata ncha ya kitenge chake asicheke. Ndivyo tulivyoishika ile sala kichwani, sote watatu, kumzidi mwenye haki ya kuisema.

Kisha mji ukafungwa. Vijana waliweka mawe na matairi yanayowaka barabarani, na fundi hakuonekana. Jumapili ya kwanza Mama alikata mkate, akaufunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Tukaimba, tukangoja. Mwishowe akaufunua, tukaula na maziwa kama mkate wowote. Ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Ilipofika ya sita nilikuwa nimechoka kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kaka yangu hajulikani alipo, na dakika ile ya mkate ndiyo pekee iliyokuwa ikiutuliza moyo wangu kwa juma zima.

"Mama, sala tunaijua," nikasema. "Tuiseme sisi."

"Apana, mutoto wangu. Ile ni kazi ya mwenye ukuhani."

"Yeye anaikosea kila siku! Sisi hatuikosei. Sasa Mungu anasikia nani?"

"Anasikia wote. Lakini mi hakunituma kuisema ile."

"Alikwambia lini?"

"Eh, we mutoto uko na mudomo," muuza vitenge akasema.

Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikamwambia kwamba Jumapili ijayo, fundi asipokuja, ama nitaubariki mkate mwenyewe ama sitarudi tena. Sikuwa natania. Nilitoka nimevimba kwa hasira, ingawa yule mwanamke nilimpenda kuliko dada zangu wa kuzaliwa.

Jumapili hiyo nilifika mapema, nikapitia mlango wa jikoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya mkate, kisu mkononi, midomo ikicheza. Ilikuwa sala ile, kwa kunong'ona, na alikuwa karibu kuimaliza. Aliponiona akanyamaza kabla ya amina.

"Sibariki," akasema upesi. "Narudilia tu, nisisahau."

"Usisahau kwa nini, kama si kazi yako?"

Alinipa kile kitambaa nikatandike mezani.

Muuza vitenge alikuwa amekwisha kukaa mlango ulipogongwa. Alikuwa fundi, amekonda, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ameikimbia nyumba yake, na miwani na vitabu vyake vimebaki humo. Hakutaka hata maziwa. Alipiga magoti mezani, akaanza sala, akakwama kwenye neno la tatu. Akaanza tena, akakwama palepale.

Tukasubiri kikohozi, lakini hakikuja. Badala yake Mama alilitamka neno lililofuata kwa sauti yake ya darasani, wazi kabisa. Fundi akalirudia. Mama akatamka jingine, naye akalirudia. Walikwenda hivyo mpaka mwisho, Mama mbele na fundi nyuma, mwanaume mzima kama mtoto wa darasa la kwanza. Hata amina Mama alitangulia. Nililia bila kujificha. Fundi aliposimama na sahani, aliipeleka kwa Mama kwanza.

Baadaye tulikuwa jikoni, mimi na yeye, tukiosha vikombe.

"Mama, leo nani amebariki mukate?"

"Fundi. We hukumusikia?"

"Nimesikia watu wawili."

Akanipangusa shavu kwa mkono wenye povu la sabuni.

"Mi nimekohoa tu," akasema. "Leo kikohozi kimekuwa kirefu."

Jumapili iliyofuata niliwahi kuliko wote.