Njia ya Chooni kwa Baba Mkwe

Ukitaka kuwajua watu wa milima yetu ya Rungwe, usiwatazame usoni. Tazama mkono uko wapi. Kanisani, gulioni, kwenye foleni ya kupeleka maziwa, mkono uko chini ya kitenge unakanda tumbo. Ukiuliza utaambiwa ni baridi, au ni maharage ya jana. Hakuna anayesema kwamba wiki hii anaharisha na wiki ijayo hatapata choo kabisa, kwa sababu sisi ni watu wa heshima, na heshima imetumaliza.

Mimi tumbo hilo ninalo tangu usichana. Niliolewa nalo Lufingo, kwenye nyumba iliyokaa juu ya mgongo wa kilima, huku bonde na huku bonde. Tambarare ya kuchimba choo ilikuwa moja tu, nyuma ya nyumba ya baba mkwe. Na kwetu Wanyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe. Siku hizi mjini Tukuyu wanapiga naye picha, wamemkumbatia, lakini nyumba ile ilishika mila kwa meno. Nikimsikia anakuja, naingia migombani na kugeuza mgongo. Miaka yote niliyokaa pale nilimjua kwa kikohozi, kwa sauti, na kwa koti lake la kijivu likienda zake.

Sasa mzee huyo, kila asubuhi isiyo na mvua, alitoa kigoda akakaa kwenye njia ya chooni. Uwanja mzima una jua, yeye anakaa karibu na mlango wa choo! Niliamini ananikomoa. Nilijibana mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile, na nikamchukia. Adui mwombee njaa, husema watu. Mimi yule nilimwombea maharage mabichi.

Nilimsihi mume wangu achimbe shimo jingine, hata kule kwenye mteremko. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Unataka choo chako peke yako? Tumbo lako limekuwa mkuu wa wilaya?"

Siku walipokuja watu kumposa wifi yangu, nilipika tangu alfajiri kwa hofu, na hofu ndiyo chakula tumbo langu linachokipenda. Wageni wakakaa uwanjani, mzee yuko kwenye kigoda chake. Nilivumilia. Nikazunguka migombani, nikarudi. Mwisho miguu iliamua yenyewe. Nilikimbia mbele ya baba mkwe na mbele ya wageni, kitenge nimekikamata kwa mikono miwili, na sikufika.

Walicheka. Mmoja alitoa simu. Mama mkwe aliniambia bila hata kupandisha sauti, "Gwe mkamwana, umetuvua nguo mbele ya wakwe. Nenda kwenu ukafundishwe." Nilipombeba binti yangu, akaninyang'anya. "Ng'ombe wetu walishafika kwenu. Mtoto anabaki." Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Alinifuata, akaanguka, wakamwokota. Mume wangu alikuwa anamwaga maji uwanjani, anasafisha.

Nilirudi kwa mama yangu Kyimo. Nikienda kumwona mtoto, wananifungulia mlango nusu. Shangazi yangu ndiye aliyenishauri niende hospitali: daktari akisema ni ugonjwa na si utovu wa adabu, watanipa mwanangu. Nililishika neno hilo kama mtu aliyeshika mzizi ukingoni mwa mto. Nikafika Tukuyu, nikakaa kwenye benchi. Mlango wa daktari ulikuwa haufungi vizuri, na ndani nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Tangu ujana, daktari," baba mkwe alikuwa anasema. "Linakata, halafu mbio. Siwezi kukaa mbali na choo. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Naweka kigoda karibu, nasubiri."

"Nyumbani umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nina wakamwana pale."

Daktari akamweleza kwamba utumbo wake hauna kidonda wala mdudu, ila unakasirika upesi. Akasema huku milimani, iwe Nkunga au Kyimo, anawakuta wengi wa namna hiyo, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Tumbo langu lilikuwa limeshaanza. Nikaenda chooni kule nje, na kilichokuwa kinafunguka kilikuwa kimoja. Mzee naye akaja nyuma yangu kwa haraka. Nikageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso, na macho yalikuwa ya binti yangu, yale yale.

Akageukia ukuta upesi, kama mila inavyotaka.

"Baba," nikamwambia, "umesikia alivyosema daktari. Mimi ninalo hilo hilo. Nipeni mwanangu."

Kisha akauambia ukuta, "Mtoto ana mama mwingine sasa. Ameshamzoea."

Niliingia nikapiga komeo. Nikamsikia anahamisha uzito mguu huu na mguu ule, anakohoa, anashika kitasa, anakiachia. Halafu sauti yake ikaja pale pale kwenye ufa wa mlango, ndogo, bila mila yoyote.

"Nifungulie, mwanangu. Nakuomba."

Nilikuwa nimeshamaliza. Sikufungua.