Gunia la Chaza Lililokwenda Kuposa Ijara

Gari lilikuwa limeshaiacha Mokowe ndipo gunia lililokuwa miguuni pangu likanitemea mate.

Sitanii. Lilitema. Tsss! Kamaji kakatua kisiginoni, kana chumvi na harufu ya mtaro.

Nikainua miguu juu.

"Aweys, umebeba nini humu?"

"Chaza, mzee Daud. Wako hai. Usiwakanyage, wakwe watakula nini?"

Mwenda, dereva wetu, Mmeru asiyejua kufunga mdomo, akageuka. "Wakwe gani hao wa kula konokono?"

"Si konokono."

"Basi ni kamasi zenye nyumba. Mzee, hii posa ni noma."

Nilicheka, kisha nikajuta, maana mshenga nilikuwa mimi.

Niwaeleze. Aweys ni kijana wa Kiunga, watu wa bahari tangu mababu. Alisomea ualimu Garissa, akakutana na Yurub, binti wa Ijara, mtoto wa watu wa ngamia. Wakapendana.

Baba wa binti, Abdisamad, hakutaka kusikia. Kwao mla samaki ni mtu aliyekosa mifugo. Watoto wakigombana kule, tusi lenyewe ndilo hilo.

Tena kulikuwa na mchuuzi wa mbuzi aitwaye Shirwa, anasubiri nyuma. Abdisamad akatoa neno: huyo mwalimu aje mara moja na mtu mzima wake, nimtazame. Nisiporidhika, Yurub ni wa Shirwa.

Baba yake Aweys ni marehemu. Mama yake akanifuata mimi. Niliwahi kukaa kwake msimu mzima nikiezeka paa, na niliwahi kuswaga ngamia wa Abdisamad kwa miguu kutoka Ijara mpaka soko la Garissa. Ndiyo maisha yangu. Shule nimeisoma vipande, nchi nimeisoma yote.

Na ni mama huyo aliyefunga gunia. Kwao chaza ni tunu, hapewi kila mtu.

"Mwambie mkwe nimempa kitu cha heshima," aliniambia.

Mama, laiti ungewapa wengine wakawamaliza.

Ijara tulifika jua limeshakuwa kali. Abdisamad alimshika Aweys mkono akamwingiza ndani, uso hauna habari. Mimi nikabaki uani na gunia.

Akaja Rukiyo, mama yake Abdisamad. Bibi mwembamba kama fimbo ya mchungaji, shungi mpaka kiunoni. Akaligusa gunia kwa kidole cha mguu.

"Waryaa, Daud. Hii kitu nalia ndani ni nini?"

"Chaza, ayeyo," nikasema, ndivyo bibi anavyoitwa kwao. "Zawadi kutoka baharini. Wako hai."

"Hai? Mekunywa maji lini?"

"Sijawaona wakinywa."

"Subhanallah! Mnyama ya mgeni nafika kwangu na kiu?"

Sikushangaa. Kule ukifika na mnyama, anakunywa yeye kwanza, wewe baadaye. Hata mwaka ule mvua ilipokuwa imegoma, sheria ilikuwa hiyo hiyo. Tukawamwaga chaza ndani ya birika la mbuzi, lile pipa lililopasuliwa katikati, na Rukiyo akawamiminia maji ya tangi, maji matamu ya kunywa watu. Na mimi mjinga nikamsaidia kubeba madumu.

Tuliporudi adhuhuri, makombe yalikuwa wazi.

"Ona, wanakunywa!" nikasema.

Rukiyo aliwatazama muda mrefu. Akajifuta macho kwa ncha ya shungi. Nikadhani vumbi.

Nikawapanga kwenye sinia, nikaingia nao.

Ndani palikuwa na wali, nyama ya mbuzi, na Abdisamad. Aweys alikuwa ametoka nje kunawa mikono.

Abdisamad akalitazama sinia kama mtu anayetazama kidonda.

"Hiyo ndiyo?"

"Ndiyo."

"Inatazama?"

"Haina macho, bwana."

"Bora." Akavuta pumzi. "Chakula cha mgeni hakirudishwi. Nitakula kimoja. Kikishuka, tutazungumza habari ya binti. Lakini wewe ndiye mzee wake, tangulia."

Wanangu, nilikula.

Mimi nimekula nzige wa kuchoma. Nimekula kumbikumbi. Sijawahi kukutana na kitu kama kile. Kilikuwa na uvuguvugu wa mdomo wa mtu mwingine. Hakitafuniki. Kilifika kooni kikasimama, tukawa tunajadiliana nani ashuke na nani apande. Ladha yake ni maji ya kuoshea sufuria yaliyolala, ukiongeza sarafu yenye kutu.

"Kitamu?" Abdisamad akauliza.

"Mashallah," nikasema, machozi yakinitoka.

Akachagua kinono. Akasema bismillahi. Akainua mkono.

Aweys akaingia, mikono bado inadondoka maji. Akaona sinia.

Paa!

Aliupiga ule mkono. Kombe likagonga ukuta, ute wa chaza ukabandika pale, kisha ukaanza kuteremka polepole. Wote tukaufuata kwa macho mpaka ulipofika chini.

Kumpiga baba mkwe mkono, chakula kikielekea mdomoni!

"Wamekufa, adeer," Aweys akasema, akimwita ami kwa lugha ya kwao. "Chaza akikaa wazi hivyo, amekufa. Ni sumu hii."

"Nani kawaua?"

Aweys akachovya kidole kwenye maji ya sinia, akakilamba. Hayana chumvi. Akamtazama bibi aliyesimama mlangoni, miguu imelowa. Nikaona ameelewa.

Akainamisha kichwa. "Ni mimi. Niliwachelewesha juani."

Abdisamad akasimama. "Umeniletea nyamafu nyumbani kwangu, kisha ukanipiga. Daud, mchukue mtu wako."

Posa ikafa hapo, mdomo wazi kama chaza.

Mwenda alikuwa ameenda kusaka mafuta, tukamngoja nje ya ukuta. Yurub alipita na ndoo, hakututazama, mabega yanacheza kwa kilio.

Alasiri ndipo tumbo langu likasema.

Sitawaficha. Nilitoka juu, nikatoka chini, mambo mawili kwa pamoja, nimekumbatia mti wa mgunga kama mke. Kile kitu kilirudi na ndugu zake. Mbuzi waliokuwa karibu wakahama. Mwenda aliporudi alitazama mara moja akaenda kusimama upande wa pili wa gari.

Abdisamad alitoka kuelekea msikitini. Akasimama. Akanitazama nikitambaa. Nadhani alikuwa anajiona yeye.

Akamgeukia Aweys. "Ulijua ukiniudhi unamkosa binti?"

"Nilijua, adeer."

"Na ukapiga."

"Nikapiga."

Akautazama mkono wake.

"Shirwa angeniacha nile," akasema. "Ingia ndani."

Jioni nililazwa kwenye mkeka. Rukiyo akaniletea chai ya tangawizi, akakaa kando yangu, peke yake. Akafungua kinywa, kikatoka Kiswahili cha mwambao, kimenyooka kuliko changu.

"Pole, mwanangu. Sikukusudia ule wewe."

Nikamkodolea macho. "Hukujua, bibi."

"Nilijua. Mimi nimezaliwa Kismayo, binti wa mvuvi. Maji matamu huwaua chaza, kwetu hata mtoto anajua."

"Sasa kwa nini?"

"Wangekuwa hai, ningekula. Mbele ya mwanangu, mbele ya wajukuu. Marehemu mume wangu aliniambia nisiseme nilikotoka, nami sijasema. Nilipolinusa lile gunia mate yakanijaa. Nikauogopa mdomo wangu mwenyewe." Akanisogezea chai. "Nilisimama mlangoni nimzuie mwanangu. Yule kijana akaniwahi."

"Na mimi, bibi?"

"Wewe nilidhani una akili."

Akanyanyuka, akarudi nusu hatua.

"Lakini walikuwa na chumvi chumvi kidogo?"

Mkiniuliza kama chaza ni tunu ya kula siku ya heshima, jibu langu ni hapana. Ni makohozi. Ila nimejifunza kwamba kabla ya kumcheka mtu kwa anachokula, nimuulize amekosa nini tangu aache kukila.

Aweys na Yurub walioana, wanafundisha Masalani. Shirwa alioa kule Takaba, ana duka. Mwenda aliuza lile gari, na aliyelinunua mpaka leo anatafuta panya aliyekufa ndani.

Kila Idi mama yake Aweys alituma ndoo ya chaza kwenye maji ya bahari, nami nikampelekea Rukiyo nyuma ya zizi. Alikula amefumba macho. Mimi niligeuka upande wa pili.

Mwaka jana alifariki. Siku zake za mwisho alimwambia mwanawe kila kitu, ndiyo maana naandika.

Baada ya matanga Abdisamad aliniagiza chaza. Akala mmoja, akatapika. Akafuta ndevu, akaomba mwingine.

Mimi sijala tena.