Kirukia cha Shangazi Salma

Siku ile naikumbuka, mwanangu, maana nilisemwa mpaka masikio yakaniwaka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika hapa Ibra, ng'ambo ya bahari, kutoka Pemba, nimefikia kwa shangazi yangu Bi Salma, mjane, tena mkali. Miye msichana wa mikarafuu, kupanda mti kwangu si kazi. Uani kwake palikuwa na mkunazi, na juu ya mkunazi, lahaula, kirukia! Kimejikalia tawini, mmea juu ya mmea, kinaunyonya mti wa watu. Kwetu Pemba ukikiona kirukia kwenye mkarafuu huulizi, unapanda na kisu.

Basi shangazi alipokwenda sokoni nikapanda. Nikakikata chote, sikubakisha kitu. Nikashuka, nikakaa barazani nangoja kusifiwa.

Shangazi akarudi, akatazama juu, akaliona na rundo chini. Machozi yakamtoka.

"Nani kakwambia ukate?"

"Shangazi, kirukia kinaua mti."

"Kile kakipanda marehemu mume wangu kwa mkono wake. Kikitoa maua yake mekundu, vindege vinakuja, tukikaa hapa tukivitazama. Sasa nitatazama nini?"

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba radhi. Nikaokota matunda mekundu kwenye lile rundo, nikachukua jembe nikaanza kuyafukia chini ya ukuta. Hapo akacheka, cheko la hasira.

"Ewe mtoto wa Pemba! Kukata unajua, kupanda hujui? Kirukia na udongo wapi na wapi?"

Akanionyesha. Unaliminya tunda, mbegu inatoka na ute wake, unanata kama ulimbo. Unaibandika kwenye kijitawi kichanga cha mti uleule, na gome usilichane. Maji unaupa mkunazi, basi. Na ubandike nyingi, maana nyingine zitaliwa na nyingine zitakauka.

Zikakauka kweli, nikalia. Zilizobaki zikatoa kijiuzi cha kijani, kikainama, kikashika gome, kisha kimya. Miezi! Kila asubuhi nachungulia, na shangazi hanisemeshi ila kwa lazima. Nikajipa moyo: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mwaka ukageuka, siku moja nikaona vijani viwili. Nikapiga ukelele, shangazi akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

Akavitazama. Kisha akaingia ndani, akarudi na kisu changu, kumbe alikificha tangu siku ile.

"Chukua. Ulisema kweli, kikizidi mti utakufa. Utakipunguza weye. Lakini uniulize kwanza."

Shangazi katangulia mbele ya haki, na miye nakipunguza hadi leo. Vindege vinakuja.

Sasa weye kesho unakwenda Nizwa kuanza kazi, na shahada yako mkononi. Sikwambii ukiache kisu nyumbani. Ujuzi wako ni mali, nenda nao kifua mbele. Lakini mgeni ni kuku mweupe, wote watakutazama, na kuuliza si ujinga. Kabla hujakata kitu, uliza nani kakipanda. Na ukikosea, maana utakosea, usikimbie. Bandika mbegu, ungoje papo hapo, hata kama husemeshwi.

Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo. Mola akufungulie milango, na kila utakachokipanda kishike.