Siku Mama Alipofundisha Kompyuta Bila Umeme

Umeme ulikatika Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, mama yangu akiwa ndiyo kwanza amesema, "Tazameni ukutani." Tulitazama. Ukutani palikuwa na ukuta.

Ilikuwa likizo ya Juni. Mama ni mwalimu wa historia, tena wa historia haswa, anayeweza kukusimulia Vita vya Majimaji huku anachambua mchicha. Lakini shuleni kwao lililetwa somo la kompyuta, wa kulifundisha hakuna, na mkuu wa shule akaona kwamba mama ndiye mwenye laptopu. Basi akapelekwa kwenye mafunzo ya walimu wa TEHAMA, katika sekondari moja hapa mjini Geita. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu wa mambo ya jana wamekupa mambo ya kesho," alisema. "Ya leo nani anafundisha?"

Mama hakucheka. Kila jioni alirudi nyumbani kwetu Kalangalala, akala, akafungua laptopu. Mwisho wa mafunzo kila mwalimu alitakiwa kufundisha somo moja mbele ya mkufunzi, na wanafunzi wawe wa kweli. Ukipita unapewa cheti na somo linakuwa lako. Ukianguka unarudia Ijumaa, lakini nafasi ya kurudia ilikuwa moja, na ilishachukuliwa. Mama akianguka basi, mpaka Desemba, na mkuu wake alishamwambia hatasubiri Desemba, ataliondoa somo kwenye ratiba. Na mama alishawatangazia wanakwaya wote kwamba sasa yeye ni mwalimu wa kompyuta. Mimi namjua mama yangu. Asingeenda kwaya tena.

Aliyechukua nafasi ya kurudia alikuwa mwalimu mmoja kijana wa fizikia, anayevaa tai hata kukiwa na jua la kuchoma bati, na ambaye siku zote alimwita mama "Bibi Historia". Huyu alijua kwamba mkufunzi anapenda somo lenye maswali, akamfundisha mwanafunzi mmoja swali la kuuliza. Mwanafunzi akawa na haraka. Mwalimu alipoingia tu na kusema habari za asubuhi, mkono ukapanda: "Sir, na virusi vinaingiaje?" Somo lilikuwa la kuchapa barua, na mkufunzi akamwangusha.

Wanafunzi wenyewe walikuwa sisi, watoto wa walimu na watoto wa mitaa ya karibu, tulioombwa tuvae sare tuje. Jumatano jioni mama alinifuata nikiwa naosha vyombo.

"Mayu," aliniita kwa Kisukuma, kama anavyoniita akitaka kitu, "kesho utaniuliza swali moja. Moja tu."

"Mama, siwezi."

"Nakuandalia mimi mwenyewe."

"Siwezi, mama. Watu wote watanigeukia."

Hakunilazimisha. Aibu yangu anaijua. Mimi nikitumwa dukani nikakuta watu wawili, nasubiri waondoke.

Sasa turudi kwenye ukuta. Mama alikuwa ameandaa picha za kurushwa ukutani kwa projekta, vijiti virefu na vifupi vinavyojipanga vyenyewe, maana somo lilikuwa jinsi kompyuta inavyopanga vitu kwa ukubwa. Picha zilikwenda na umeme. Mkufunzi, mama mmoja mnene wa kule Kolandoto, alikaa nyuma pamoja na walimu wengine, kalamu mkononi. Mama aliifunga laptopu. Kisha akaita watu saba mbele na kuwapanga ovyo ovyo, mrefu katikati, mfupi pembeni.

"Tuwapange kuanzia mfupi mpaka mrefu," alisema. Kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, ingawa walimu wetu wakibanwa wanarudi kwenye Kiswahili, na mama alishaanza kubanwa. "Kila mmoja amtazame jirani yake tu..."

Hakumaliza. Wale saba walishajipanga. Kila asubuhi mstarini tunasimama kwa urefu, nani asiyejua mahali pake? Kufumba na kufumbua, mstari umenyooka, wametulia, wanamwangalia kama watu waliokwishamaliza mtihani.

"Mmeelewa?" mama aliuliza.

"Tumeelewaaa!"

Mkufunzi alikohoa. "Mwalimu, waulize wamefanyaje."

"Mmefanyaje?"

Wale saba wakatazamana. Halafu mmoja, ambaye baba yake ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, akasema, "Tumejipanga tu, madamu."

Mama akafafanua kwamba kompyuta haijipangi tu. Inalinganisha wawili, inawabadilisha nafasi kama mrefu ametangulia, inasogea kwa wawili wengine. Aliandika ubaoni. Mwandiko wake uliinama upande mmoja, na unainama hivyo akiwa na hofu.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Mimi pia niliitikia. Kwetu hata usipoelewa unaitikia. Kumwambia mwalimu hujaelewa ni kama kumwambia mama mwenye nyumba kwamba mboga haina chumvi. Mkufunzi akaanza kuandika, na mwandiko wa mkufunzi anayeandika haraka siyo dalili njema.

Ila kwa kweli sikuwa nimeelewa. Kulikuwa na kitu kinaniwasha kichwani na kilikataa kutulia. Mkono wangu ukapanda. Sijui niseme nini zaidi. Ulipanda, nami niliushangaa kama wengine.

"Mama..." nilisema.

Darasa zima likaangua kicheko. "Mama! Kaita mama!"

"Madamu," nikajisahihisha, masikio yanaungua. "Sijaelewa. Kwa nini ihangaike na wawili wawili? Si iangalie tu mstari wote, kama sisi, imweke kila mtu mahali pake?"

Mama alinitazama. Akaugeukia ubao, akanirudia mimi. Ilikuwa mbaya, jamani. Nilijua nimemwangusha mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku pekee niliyoufungua.

Kisha akavua skafu yake shingoni. "Njoo hapa."

Nikaenda. Akanifunga macho. Nikasikia akiwahamisha watu, viatu vinaburuzika, mtu anazuia kicheko.

"Wewe ndiye kompyuta," alisema, sasa kwa Kiswahili kabisa. "Huwaoni wote. Una mikono miwili, unagusa vichwa viwili. Haya, panga."

Gizani mule hakukuwa na mtu wa kunitazama, au walikuwepo lakini kwangu hawakuwepo. Nikagusa vichwa viwili. Wa kushoto alikuwa mrefu, nikawabadilisha. Nikasogea. Nikanyoosha mkono kutafuta kichwa kinachofuata, nikashika kitambaa laini, chembamba, kinaning'inia.

"Huyu ana tai!" nikapiga kelele.

Watu walicheka mpaka madawati yakagongana. Yule mwalimu wa fizikia alikuwa amejipenyeza mstarini.

"Kompyuta haibagui," ilisema sauti yake juu ya kichwa changu. "Nipange, mwanangu."

Nikampanga. Nikambadilisha na jirani yake, kisha na anayefuata, nikamsukuma hivyo hivyo mpaka nikagusa ukuta.

"Sasa unajua nini?" mama aliuliza.

Nilifikiri. "Huyu wa mwisho nina hakika naye. Hawa wengine bado."

"Basi?"

"Basi nianze tena mwanzo."

"Mpaka lini?" aliuliza mtoto wa mwenye karasha. "Si utakesha?"

"Mpaka apite mstari mzima asibadilishe mtu!" mwingine akamrukia. "Hapo si ndiyo wamepangika?"

"Na kama walishapangika tangu mwanzo?"

"Anapita mara moja tu, anakwenda nyumbani!"

Wakaanza kubishana wenyewe, Kiswahili na Kisukuma, mama akikimbia na chaki kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nikavua skafu. Hakuna aliyekuwa ananitazama.

Baadaye mkufunzi alituita barazani, mama na mimi. Uso hauna tabasamu.

"Mwalimu, huyu ni mwanao. Lile swali mlilipanga?"

Mama angeweza kusema hapana tu. Akasema, "Jana nilimwomba aniulize swali. Akakataa."

"Ni kweli?" Aliniuliza mimi.

Nilitazama viatu vyake. "Shikamoo," nikasema, kwa kuchanganyikiwa.

"Marahaba. Ni kweli?"

"Kweli. Niliogopa. Hili la leo nilikuwa sijaelewa kabisa."

"Na la jana lilikuwa lipi?"

Nikamtazama mama. Hakunisaidia, alikuwa anasoma mawingu. "Hata hakuniambia," nikasema. "Nilikataa kabla hajaniambia."

"Lilikuwa 'kompyuta zina aina ngapi'," mama alisema polepole.

Mkufunzi akacheka, mabega yote yanatikisika. "Hilo lingekuangusha, mwalimu. Wabeja, binti, asante kwa kukataa." Halafu akamsomea mama makosa yake: muda umempita, zoezi hakulifikia, ubaoni maandishi yanapanda mlima. Makosa yalikuwa mengi, mama akiitikia kwa kichwa kila moja. Mwishoni akasema, kana kwamba ni kosa lingine tena, "Umepita. Ukalifundishe."

Mama alitembea vizuri tu mpaka nje ya geti. Hapo ndipo alipopiga kigelegele, muuza mihogo akamwaga pilipili.

Tukiwa bado pale, yule mwalimu wa fizikia akatufikia, tai ameilegeza. Alikuwa anarudia somo kesho yake, lakini wanafunzi wengi walikuwa wamesema hawaji, wamechoka kuvaa sare likizoni.

"Bibi Kompyuta," alimwambia mama, "mimi nitafundisha viti?"

Mama akaanza kumpa pole.

Ijumaa asubuhi niliamka kabla ya mama, nikavaa sare, nikatoka. Nilianza na nyumba ya mwenye karasha kwa sababu ndiyo ya karibu. Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyostahili. Ndani redio ilikuwa inaimba na mtu anakaanga vitunguu. Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi," nikasema, kisha nikaona haitoshi. "Nimemfuata mwanao twende shule. Kuna mwalimu anahitaji wanafunzi."