Koti Lililotoka Kitale

Nilipokuwa winga wa kulia wa timu moja ya Kitale, mshahara wetu ulikuwa kitu cha kusimuliwa. Mweka hazina alituambia uko njiani, nasi tukaendelea kukimbia. Mechi ikiisha, mashabiki walipitisha kofia, kila mtu akatia alichokuwa nacho, na hicho ndicho tulichogawana. Nilikuwa na mke, mtoto wa nasari na chumba cha kupanga mtaani Matisi. Mwenye nyumba wangu hakuwa shabiki wa kandanda.

Kofia hiyo ilishikwa na mama mmoja muuza viazi, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia, eneo letu la Kitale, kutoka Nyeri kwa Wakikuyu. Sauti yake ilishinda vuvuzela. Nikipiga krosi mbovu, aliniita ng'ombe mbele ya uwanja mzima. Nikipiga nzuri, kesho yake mke wangu alipata viazi vya bure. Nilimpenda yule mama, na sisemi hivyo kwa sababu ya viazi.

Timu ya Bungoma ilipoanza kunitafuta, ilikuja na pesa za kusaini na kazi ya ofisini katika kampuni ya mfadhili wao. Kazi ya kulipwa kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Sikuona cha kufikiria. Kuna watu wanaopenda kusema kwamba wachezaji wa siku hizi hawana uaminifu, wana tamaa tu. Wengi wa wanaosema hivyo wanalipwa, na hakuna aliyewahi kuwaomba wafanye kazi yao kwa kofia. Maneno hayo huniudhi hadi leo.

Habari zilienea Matisi kabla sijaaga. Mama wa viazi hakuja kwangu. Alikusanya wajumbe, yeye, kocha na wazee wawili wa mashabiki, wakapanda pikapu yake na kwenda moja kwa moja Bumula kwa baba yangu, Jumapili baada ya kanisa. Mimi nilipigiwa simu na mama yangu.

"Kuja haraka," akasema. "Nyumba imejaa wageni, na mimi sielewi wanataka nini."

Nilipofika, wajumbe walikuwa sebuleni na kuku alikuwa jikoni. Baba, karani mstaafu asiyejua ofsaidi ni nini, alikuwa amevaa koti zito la bluu, rangi ya timu yetu, vifungo vyote amevifunga. Alikuwa ameletewa na mama wa viazi. Kwa yule mama hiyo ilikuwa shukrani tu kwa mzee aliyewapa mchezaji, na kwa kuwa amezoea baridi ya Kitale, aliona koti ndiyo zawadi ya maana. Hakujua kwamba kwetu Wabukusu, wageni wakija nyumbani kwa ujumbe wakiwa na koti la kumpa baba wa msichana, wamekuja kuposa. Mzee akilivaa, amekubali.

Nilimvuta baba kando. "Baba, hii ni maneno ya mpira."

"Najua ni ya mpira. Si ni wewe wanataka?"

"Wanataka nisiende Bungoma."

"Basi huendi. Nimeshavaa."

Kabla chakula hakijaiva, likaingia gari jeupe la watu wa Bungoma, wakiwa na kreti ya soda na mkataba. Nao walikuwa wamesikia kwamba mambo yangu yanaamuliwa Bumula. Baba aliwapokea mlangoni.

"Karibuni chai," akawaambia, "lakini mmechelewa, bana. Huyu ameshaposwa."

Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Wageni wa gari jeupe wakapewa chai. Kuku aliliwa na watu wa Kitale.

Nilisaini siku hiyohiyo, nje, juu ya boneti ya gari lile. Sikujificha. Nilikuwa mtu mzima mwenye familia, na sikuzaliwa ili koti liniamulie. Mama wa viazi alinitazama kutoka mlangoni bila kusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kuitwa ng'ombe. Wageni walipoondoka, nilimwambia baba arudishe koti la watu.

"Wewe umesaini yako," akanijibu. "Mimi nilishavaa yangu."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Lakini Kitale walipokuja kucheza nasi Bungoma, nilimwona baba akiingia uwanjani na koti lake, jua linawaka, jasho linamtiririka shingoni. Hakuja upande wetu. Alikwenda kuketi kando ya mama wa viazi, ambaye alimsogezea nafasi kama mtu aliyekuwa akimngoja. Kipindi cha pili nilipiga krosi tukafunga bao. Uwanja ulilipuka. Baba alitikisa kichwa taratibu, akimfariji kocha wa Kitale. Mechi ilipoisha alinipa mkono.

"Umecheza vizuri," akasema. "Lakini mmetuonea."

Nilikasirika. Nilikuwa nikimtumia pesa kila mwezi, pesa za Bungoma hizohizo, naye alizipokea vizuri tu.

Msimu uliofuata goti langu liliumia. Niliendelea kwenda ofisini nikichechemea hadi mkataba ukaisha. Hapo ndipo nilipoambiwa, kwa upole, kwamba ile kazi ilikuwa ya mchezaji. Tulifunga vitu vyetu tukarudi Bumula. Nilianza kukimbia asubuhi kwenye barabara ya sokoni, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, mpaka goti likaacha kulalamika. Nilichokitaka ni kucheza tena, popote, hata kwa kofia.

Kisha mama akaniambia kwamba watu wa Kitale wamepiga simu, watakuja Jumapili.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumapili nilivaa shati lililopigwa pasi, nikamwambia mke wangu huenda tukarudi Matisi. Mama akamkamata kuku. Pikapu ilipoingia uani nilikuwa wa kwanza kuwapokea, na mama wa viazi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Goti liko aje, kijana?"

"Limepona kabisa, mama. Hata kesho naweza kuanza mazoezi."

"Mungu ni mwema," akasema. Kisha akageuka kwa baba. "Mzee, tumekuja kukuchukua mapema, leo tunacheza nyumbani. Mashabiki wamesema hiyo kiti yako ya mbele uwanjani asikalie mtu mwingine."

Baba alikuwa ameshavaa koti. Aliomba chakula chake kiwekwe hadi jioni, akakaa mbele kwenye pikapu bila kunitazama. Nami nilibaki nimesimama uani na shati langu la pasi. Niliona aibu, na niliona wivu. Nilimwonea wivu baba yangu mwenyewe, ambaye hakuwahi kupiga mpira hata mmoja.

Mama wa viazi aliwasha gari, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Nafasi iko huko nyuma, ukitaka. Lakini kiingilio utajilipia."

Nilipanda nyuma, nikaketi juu ya magunia. Langoni nilitoa pesa yangu, nikaingia.